Mbao Ikisafiri Hunenepa

Mwanangu Renatus ana jina la ubatizo na ana jina la ukoo, lakini ukifika Tlawi ukauliza kwa Renatus ni wapi, utazungushwa mpaka jioni. Uliza kwa Bei Gani. Hata mbwa watakupeleka.

Jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Siku aliyozaliwa mkunga alimpiga kofi dogo ili alie. Hakulia. Alimkazia macho mkunga, kisha akautazama wembe wa kukatia kitovu, nami nikajua pale pale kwamba mtoto huyu anataka kujua wembe umenunuliwa kwa bei gani. Mnaweza kucheka. Mkunga yule alikufa akiapa kuwa ni kweli, na mimi sina sababu ya kumpinga marehemu.

Sasa ni mtu mzima, seremala, mrefu kama nguzo ya umeme, na penseli haimtoki sikioni hata akienda kupokea komunyo. Kununua si sana. Yeye anauliza. Siku ya mnada Mbulu mjini ataanza kwenye vitunguu, aende kwenye ndoo, aende kwenye mitumba, aulize bei ya koti la kike ambalo hata mkewe, Mungu amrehemu, asingelivaa. Wauzaji wakimwona wanamtajia bei kabla hajafungua mdomo ili apite upesi. Kwenye msiba mmoja aliuliza jeneza ni bei gani, na jeneza alilitengeneza yeye.

"Mwanangu," nilimwambia, "unauliza bei ya vitu usivyonunua, utakufa na njaa ukiwa unajua kila kitu."

"Mama," akasema, "mimi sitaki kitu. Nataka kujua kimepita wapi mpaka kikawa bei hiyo."

Binti yake Irene aliolewa Gendabi, kule bondeni Hanang, kwa wafugaji. Mumewe anaitwa Lameck, kijana mwema, na baba wa Lameck ni mzee Gidamis. Huyo mzee alikuwa mtu wa kutembea. Wanasema akiwa kijana alimfuata ndama aliyepotea mpaka akatokea upande wa pili wa mlima Hanang kabla ndama hajafika. Lakini nyonga ilimkamata, miguu ikafa, akawa mtu wa kiti. Kazi moja tu ikambaki, kuwatazama ng'ombe wake wakirudi jioni. Aliwajua kila mmoja, jike gani linakohoa, lipi limeshiba, lipi limemwacha ndama porini. Asipowaona hali chakula.

Udongo wa Gendabi ni mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka kuku anatumbukia, na mvua ikinyesha unakuwa uji. Mvua za mwaka jana kiti kilizama, mzee akaingizwa ndani akakaa huko miezi mitatu. Irene alitupigia simu analia. "Bibi, amegeuza uso ukutani. Anasema kama hawaoni ng'ombe, na yeye asionwe na watu." Mvua zilipoisha walimtoa nje akiwa mwepesi kama kapu tupu. Mwaka huu, alisema Irene, akifungiwa tena ndani hatatoka.

Siku moja walimpeleka zahanati, wakamkalisha kwenye kibaraza cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo. Alikaa pale akinusa upepo. Chini matope, yeye mkavu. Akauliza lile ni daraja gani lisilovuka kitu. Wakamwambia ni sakafu ya nje. Tangu siku hiyo akawa anasema, "Ningekuwa na daraja kama lile." Hasemi zaidi. Anaongea na hewa tu, lakini hewa ile ilikuwa inamwelekea Irene, na Irene ana baba seremala.

Hapa niwaeleze jambo moja. Wakwe kwa wakwe hatuulizani bei. Mkwe akihitaji kitu anakitaja kama mtu anayepiga miayo, nawe unakipeleka kama kitu kilichokuwa kinakusumbua nyumbani. Naye siku nyingine analeta chake. Hakuna anayesema kiasi, na hakuna asiyejua. Kwa mtu kama Bei Gani, adabu hii ni sawa na kumfunga mbuzi katikati ya shamba la maharage.

Mwishoni mwa Oktoba Lameck akapanda kwetu Tlawi. Alikuja na beberu mmoja na ukanda wa ngozi mbichi uliozungushwa kama nyoka aliyelala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda? Huyo mke mdogo uliyenaye kule hakulishi?"

"Ananilisha bibi."

"Basi ananilishia vibaya mume wangu. Mwambie mke mkubwa amekasirika."

Renatus akatoka ndani, wakasalimiana, akamzunguka yule beberu mara mbili. Nikaona midomo yake inacheza. "Huyu beberu," akaanza, "kule kwenu Gendabi ni..." Akakumbuka. Akameza mate. "Ni... anakula nini?"

"Majani, baba," akasema Lameck.

"Aa. Majani. Vizuri."

Nilikwenda nyuma ya nyumba kucheka.

Ukanda ndio ulikuwa ujumbe wenyewe. Urefu wa mbao za kibaraza, Lameck alisema, ni huo. Mzee alishika upande mmoja mlangoni, Lameck akaunyoosha mpaka mwisho wa kivuli cha ukuta, mzee akaukata kwa kisu chake.

"Si ungepima tu kwa futi?" akauliza Renatus.

"Nilimwambia habari za futi, baba. Akaniuliza huyo Futi ni nani na amehamia lini Gendabi."

Renatus akautundika ukanda kwenye msumari wa mlango, akasema kesho asubuhi ataupima. Jioni ile kamba ya ndama wetu ilikuwa imekatika, na ndama mwenyewe ni mkorofi. Ukanda ulikuwa unaning'inia tu pale mlangoni, hauna kazi. Sisemi ni nani aliyeuchukua. Ukungu wa Tlawi nao mnaujua. Kuna siku unashuka mzito mpaka kuku wanaruka kuulalia wakidhani ni dari. Ndama alikesha anavuta huku, anavuta kule, na ngozi mbichi ikilowa inalegea kama ulimi wa ng'ombe. Alfajiri mtu yule ambaye simtaji aliufungua, akauzungusha vizuri, akaurudisha kwenye msumari.

Asubuhi Renatus akaupima. Akaupima tena. Penseli ikashuka kutoka sikioni.

"Futi kumi na nne, mama."

"Basi kumi na nne."

"Hakuna mtu anapasua mbao za futi kumi na nne! Mbao ni kumi na mbili tangu Mungu aumbe msumeno. Lameck, ni kweli baba yako alitaka hivi?"

"Alikata mwenyewe, baba."

"Mkwe haulizwi," nikasema upesi.

Na kweli hakuuliza. Kwenye mteremko wetu kulikuwa na misindano miwili mikubwa aliyoipanda marehemu mume wangu. Renatus aliiangusha, akamleta mtu wa msumeno wa mnyororo, naye akanung'unika siku nzima kwa sababu ya zile futi mbili za ziada. Mbao zikapangwa, zikawekewa vijiti katikati zipate hewa, zikapakwa oili chafu mchwa wasizipende. Nguzo Lameck alisema atakata za mgunga huko huko bondeni. Alishuka nyumbani kwenda kuchimba mashimo.

Siku zile Renatus alikuwa halali. Ilikuwa ni kwa ajili ya neno moja tu alilosema Irene kwenye simu. Kwetu Tlawi beberu mmoja mzuri anakuletea mbao kumi. Irene alisema pale Gendabi, dukani kwa mama mmoja, beberu huyo huyo anakuletea tatu.

"Mama, mbao ni ile ile. Mti ni ule ule. Mwendo wa siku moja. Zile saba zinapotelea wapi?"

"Kuna fisi Bashnet anakula mbao," nikamwambia. "Babu yako alimwona. Anajisaidia maranda."

"Mama."

"Hutaki, acha."

Lakini niliona kichwa chake kimeshakwenda. Mwanangu alikuwa anapeleka kibaraza kwa mkwe, sawa, ila pia alikuwa anamfuata yule fisi. Nami nikasema nitakwenda naye. Nilisema nataka kumwona mjukuu. Ukweli ni kwamba ule ukanda ulikuwa unanikera moyoni.

Tukapanda lori la Vicent, kijana wa Endagikot anayeshusha viazi na mbao. Mimi nilikaa katikati, Renatus dirishani, na ukanda akautundika kwenye kioo cha dereva. Tulikuwa hatujatoka hata Mbulu mjini.

"Vicent, mafuta mpaka Gendabi bei gani?"

Vicent akacheka. "Bei Gani, nilijua. Sikiliza, usiulize kwa shilingi, utaumwa na kichwa. Kwenye kila mbao kumi, mbili ni za lori. Moja inanywewa na injini, moja inaliwa na matairi kule kwenye mawe ya mteremko."

Renatus akakunja vidole viwili. Tulipofika kizuizi cha mazao ya misitu, Vicent akatoa kibali, akalipa ushuru, akapewa karatasi yake. Renatus akauliza, akahesabu, akakunja kidole cha tatu. Vijana waliopakia na wale watakaoshusha, kidole cha nne. Dongobesh tukanywa chai, akauliza bei ya chapati, lakini hiyo haikuhusu.

Pale Bashnet, kabla bonde halijafunguka chini, tulipishana na lori lingine linapanda. Limebeba mabati, saruji na maboksi ya misumari. Madereva wakasimama wasalimiane kidogo. Renatus akatoa kichwa nje.

"Hiyo misumari inatoka wapi?"

"Inatoka barabara ya lami, mzee. Inakwenda Mbulu."

Mwanangu akarudi kwenye kiti chake kama mtu aliyepigwa. Chini ya miguu yetu kulikuwa na kilo ishirini za misumari aliyoinunua Mbulu.

"Mama," akasema polepole, "misumari yangu ilipita hapa hapa. Ilipanda mlima ikanenepa, nikainunua nene, sasa naishusha tena."

"Si uisalimie basi," nikamwambia. "Mbao zinashuka, misumari inapanda, zimekutana Bashnet. Wao wanajuana kuliko sisi."

Vicent alicheka mpaka akasahau kushika breki vizuri, nikamkumbusha kwa fimbo.

Tukateremka Dareda, tukaipata lami, tukaenda mlima Hanang ukiwa mbele yetu. Juu yake kulikuwa na wingu moja, dogo, la rangi ya moshi. Vicent aliliangalia akasema, "Siku mbili." Hakuna aliyeuliza siku mbili za nini.

Kabla ya kwenda kwa mkwe, Renatus akaomba tusimame dukani kwa yule mama wa mbao. Anaitwa Marieta. Ni mtu wa kwetu, aliyezaliwa Endagikot, mnene, ana kanga kichwani na nyundo mfukoni. Mbao zake zilikuwa zimeegemea ukuta, chache, futi kumi na mbili kila moja.

"Karibu mama, shikamoo. Karibu kaka. Mnanunua?"

"Nauliza," akasema Renatus.

"Ndiwe wewe!" akapiga makofi. "Bei Gani wa Tlawi. Ndugu zangu wananiambia habari zako. Uliza."

"Nimefuata mbao kutoka mtini mpaka hapa. Kwetu beberu ni mbao kumi, kwako ni tatu. Zile saba, nne nimeziona zikiliwa njiani kwa macho yangu. Sijaona tatu."

"Beberu huyo umempimia wapi?"

"Tlawi."

"Basi moja ni beberu wako. Hapa mabeberu ni wengi kama mawe. Beberu wa Gendabi hajawa beberu wa Tlawi mpaka apande mlima. Naye akisafiri anaongezeka, ama unadhani ni mbao peke yake? Akiwa hapa, yeye ni mbao tisa tu."

Kidole cha tano. Renatus alikuwa anatabasamu kama mtoto anayepewa asali.

"Zimebaki mbili."

Marieta akamshika mkono, akampeleka nyuma ya duka. Kulikuwa na rundo la mbao zilizojikunja kama maganda ya ndizi, nyingine zimepasuka katikati, nyingine ukizigusa zinamwaga vumbi la mchwa.

"Huku watu wanajenga kwa udongo na miti. Mbao naweza kukaa nayo mwaka mzima namngojea mnunuzi mmoja. Jua la hapa linaisokota, mchwa wanakuja usiku na wageni wao. Kwenye kumi, mbili zinakufa. Wewe unaniuliza bei ya mbao iliyo hai, kaka. Mimi nauza mbao pamoja na marehemu wake."

Renatus akaliangalia lile rundo muda mrefu. Akavua kofia.

"Na wewe dada, unakula nini?"

"Mimi nakula ile ambayo hukuihesabu," akasema Marieta, akacheka mpaka nyundo ikadondoka.

Hapo mwanangu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Fisi wake amempata, na fisi ana mikono mingi na hakuna hata mmoja mwizi. Aliuliza saruji, akakuta ni nafuu kuliko kwetu. Aliuliza misumari, akaomba nisikilize upande mwingine. Furaha ile ilidumu mpaka tulipofika kwa mkwe.

Mzee Gidamis alikuwa amekaa mlangoni, shuka limemfunika mabega, fimbo magotini. Uso umekauka, macho makali. Salamu zikaenda kwa utaratibu wake, mimi na yeye kwanza, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za watu. Irene akanikumbatia, nikamwambia mumewe ni wangu. Halafu tukageuka kutazama kazi.

Lameck alikuwa amesimamisha nguzo za mgunga, safu tatu, imara, usawa wa goti. Renatus akapiga boriti juu yake, akaleta pima maji, kila kitu kimenyooka. Akabeba mbao ya kwanza, akailaza kuanzia mlangoni. Ikafika nguzo ya mwisho. Ikaipita. Ikabaki inaning'inia hewani, futi mbili nzima, kama mkia.

Lameck akainama kuitazama nguzo ya mwisho.

Akalaza ya pili. Mkia mwingine.

"Lameck," akasema mwanangu kwa sauti ya chini, "ulichimba kwa kipimo gani?"

"Kwa alama za ukanda, baba. Nilichora chini kabla sijauleta."

Renatus akaenda kwenye lori, akautoa ukanda pale kwenye kioo. Siku nzima ulikuwa umepigwa na jua la bondeni, umekauka, mgumu kama fimbo. Akaunyoosha. Ukafika kwenye nguzo ya mwisho, sawasawa. Futi kumi na mbili. Akautazama ukanda. Akaitazama mbao. Akanitazama mimi.

"Mama."

"Nini?"

"Ukanda huu ulilala wapi kule nyumbani?"

"Nitajuaje? Mimi ni ukanda?"

"Mama."

"Ulilala nje. Na ndama. Alikuwa ndama mwenye nguvu."

Irene akaziba mdomo kwa kanga. Mwanangu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Seremala aliyekosea kipimo kwake anakosea. Seremala aliyekosea kwa wakwe, watoto wa watoto wataimbiwa. Akachukua msumeno, akapiga magoti, akaweka alama ya penseli kwenye mbao ya kwanza. Na juu ya mlima lile wingu halikuwa dogo tena. Upepo ulikuwa umeanza kunuka maji.

"Ngoja," akasema mzee Gidamis.

Renatus akasimama wima. "Mzee, nisamehe. Nitakata tu, itakaa vizuri."

"Unakata mbao? Hapa?" Alisema kama mtu anayeona ng'ombe mwenye mimba anachinjwa. "Lameck, nibebe. Nataka kuuona huo mkia."

Tukamkataza, mbao hazijapigiliwa, zitampindua. Hakusikia. Lameck akapanga mbao nne pamoja, akambeba baba yake, akaenda naye taratibu mpaka ncha, pale ambapo chini hakuna nguzo. Mbao zikaanza kuinuka upande wa mlangoni. Mtu akapiga kelele. Mimi nikafanya ambalo mtu mwenye dhambi anapaswa kufanya. Nikakimbia nikakalia ule upande mwingine na uzito wote Mungu alionipa, zikatulia. Basi tukawa hivyo, mkwe ncha ya huku, mimi ncha ya kule, kama mizigo miwili ya punda.

Mzee akakaa. Akageuza kichwa kushoto. Akakaza macho mpaka nikahisi miguu yangu inakufa ganzi.

"Lameck," akasema.

"Naam baba."

"Ile ni nini?"

"Ni mlango wa zizi, baba."

Hapo ndipo tulipoelewa. Mwaka jana Lameck alimjengea Irene jiko jipya pembeni ya nyumba, na kona ya lile jiko ilikuwa imeuficha mlango wa zizi. Pale mlangoni alipokuwa anakaa, mzee alikuwa akiwaona ng'ombe wakija kwa mbali, halafu wanapotelea nyuma ya jiko. Nani ameingia, nani amebaki, alikuwa akiambiwa. Hakumwambia mtu. Jiko ni la mkwe wake, angesemaje livunjwe? Alikata ukanda mpaka mwisho wa kivuli, basi, aridhike na hicho. Na kwenye futi kumi na mbili jiko lilikuwa bado linaziba. Kwenye kumi na nne, mlango wote ulikuwa mbele yake.

"Usikate," akasema.

"Sikati mzee," akasema Renatus. "Lakini lazima chini kuwe na kitu. Nguzo nyingine..." Akamgeukia Lameck. "Mgunga mwingine upo?"

"Ni mwendo wa siku nzima, baba. Na Marieta hauzi nguzo."

Wote tukatazama wingu. Kisha Renatus akatazama chini, akatazama uwanja, akatazama ukuta wa zizi. Mawe. Mawe kila mahali, makubwa, meusi, yaliyoshuka kutoka mlimani tangu babu wa mababu. Kwetu lori moja la mawe ya msingi ni jambo la kuuza ndama.

"Mawe haya," akasema, ulimi unamwasha, "ni... yaani mtu akiyataka..."

"Mtu anaokota, baba," akasema Lameck.

"Anaokota! Bure?"

"Sasa atamlipa nani?"

Mwanangu akacheka peke yake. Akamtuma Vicent kwa Marieta akalete mifuko miwili ya saruji, ile nafuu. Wakachimba kupita udongo mweusi mpaka wakakuta ardhi ngumu, wakajenga miguu mitatu ya mawe usawa wa goti. Walifanya kazi mpaka jua likazama na kesho yake tangu alfajiri. Mimi nilipewa kazi ya kukaa kimya. Mchana wakalaza boriti juu ya mawe, mbao zikapigiliwa kwa ile misumari iliyotalii nchi, moja baada ya nyingine, hakuna hata mkia.

Jioni ile mvua ikaja. Haikuanza kidogo kidogo. Ilianguka kama mtu anayemwaga beseni, na uwanja ukageuka uji mbele ya macho yetu. Renatus alikuwa ameezeka kwa haraka mabati matatu, nayo ya Marieta, juu ya ncha ile. Mzee Gidamis alikuwa chini yake kwenye kiti chake, mkavu, shuka mabegani, fimbo mkononi, na sisi tumembana pembeni kama vifaranga.

Kengele ikasikika kwanza. Halafu wakatokea, migongo inametameta, wanateleza. Wakafika kwenye kona ya jiko, nami nikaona mikono ya mzee inaikaza fimbo. Wakapita kona. Wakaendelea kuonekana. Mmoja, mwingine, mwingine, mpaka mlangoni mwa zizi, na mzee midomo inatembea, anawataja. Kwenye jike moja jekundu akainua kidole. "Huyu anachechemea. Mguu wa nyuma. Mbona hamkuniambia?"

"Hatukuona, baba," akasema Lameck.

"Mimi nimeona."

Irene akaenda haraka jikoni kuchukua chakula, kwa sababu aliijua sauti ile.

Mzee akapapasa ubao chini ya kiti chake, akaugonga kwa kidole. Kisha akamgeukia mwanangu, na mbele ya watu wote akavunja adabu ya wakwe kama mtu anayevunja karanga.

"Mkwe. Daraja hili bei gani?"

Lameck alikohoa. Mimi niliangalia mvua. Miaka yote hiyo Renatus anauliza watu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye. Akakuna sikio penye penseli.

"Mzee," akasema, "bei ya hapa, au bei ya Tlawi?"

Mzee Gidamis akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika chini ya shuka, akacheka mpaka machozi.

"Vicent amenihadithia habari za misumari yako," akasema. "Basi tufanye ya Bashnet."

Ng'ombe wa mwisho akaingia zizini. Mzee alimtaja jina, akaomba chakula.